Mechi Ambayo Bi Mkeka Hakutaka Kuitabiri

3 Machi

Kwako Kibiriti wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mimi huku sijambo. Magoti ndiyo yale yale, yananuna kila nikipanda ngazi za ofisi, lakini yanapanda. Wewe je, u hali gani? Unalala vizuri? Unakula chakula cha mtu mzima, au kocha bado anakulisha majani kama sungura? Nijibu kwa kirefu. Unajua sipendi mtu wa "mzima tu" halafu kimya. Tangu nilipokuchukua baada ya kaka yangu na wifi kututoka, ukiwa una mapengo ya meno ya mbele, nilikufundisha kwamba anayekuuliza hali umwambie hali, usimpe jibu la kumfukuza mlangoni.

Simu nimeizima tena, kwa hiyo tuendelee na barua zetu za kompyuta. Tangu ratiba ya mashindano yenu itoke, watu wananipigia kabla sijapiga mswaki. Wengine siwajui hata kwa majina, wananiita mama. Fundi viatu wa pale chini ya ofisi ndiyo usiseme. Ananidaka mlangoni na kiatu cha mtu mkononi: "Bi Mkeka, tunampa nani?" Miaka yote hii naandika utabiri wa mechi gazetini, na kila anayejaza mkeka wake wa kubeti anataka kwanza aone Bi Mkeka kasema nini, lakini wazimu wa namna hii sijauona. Mmealikwa mabinti wanane bora, na mechi ya kwanza kabisa, Ijumaa ya tarehe kumi na nne, mmepangwa wewe na Mlingoti.

Nawajua wote wawili tangu nikiwa mapokezi pale klabu ya tenisi, nagawa saa za kucheza. Wewe ulikuwa unapiga mpira ukutani nyuma ya meza yangu mpaka wateja wanalalamika. Yeye, binti wa meneja wa klabu, alikuwa anashuka kwenye gari la baba yake na raketi mbili mpya. Majina yenu haya niliyatoa mimi gazetini, yeye kwa urefu wake, wewe kwa kuwaka haraka. Mmekutana mara nne, na mara tatu kakushinda.

Mhariri kaniita leo. Anasema mechi zako zote nimezikwepa, hii siwezi kuikwepa. Nimemwambia nitakuuliza mwenyewe. Ukinikataza, akatafute mtu mwingine. Ukiniruhusu, nitaandika ninachokiona, na ujue kabisa huenda usikipende.

Nijulishe hali yako.

Shangazi yako

*

5 Machi

Shangazi,

Shikamoo nyingi, wewe na magoti yako. Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chali sakafuni, kocha akinivuta miguu, nikacheka mpaka akaniuliza kama nimechanganyikiwa.

Umeniuliza hali, nakupa hali. Nalala. Majani bado nayala, ila jana nimeiba mkate jikoni hotelini, mpishi akajifanya hajaniona. Homa sina, tumbo halina neno. Kilichonisumbua ni kifundo cha mkono wa kulia. Wiki iliyopita nilipiga mpira mmoja nikiwa nimechelewa, nikasikia kitu kimevutika ndani. Daktari anasema hakijachanika, kinataka kupumzika, na kupumzika ndicho kitu ambacho sina. Kocha ananifunga bandeji chumbani, tukifika uwanjani naivua ili mtu asione. Nikikamua taulo kinauma. Nikipiga mkono wa mbele kinauma zaidi. Basi, nimekwambia yote, usije ukasema nakuficha.

Sasa hayo mengine. Shangazi, andika. Kwanza nashangaa unaniomba ruhusa kama mgeni. Miaka miwili unakwepa mechi zangu, watu wanadhani unanionea aibu. Andika kwamba Mlingoti atanifunga, kama ndivyo unavyoona, tena kwa herufi kubwa. Nitaikata hiyo karatasi niibandike kwenye kioo cha bafuni, niwe naiangalia nikipiga mswaki. Juzi tulipishana kwenye lifti, akanitazama kutoka huko juu kwake akasema, "Bado unacheza?" Nikamwambia, "Subiri Ijumaa utajua." Sikulala kwa hasira, lakini ilikuwa hasira nzuri.

Nitamchapa. Hilo si la kutabiri, nakuarifu tu.

Mwanao

*

7 Machi

Mwanangu,

Pole na mkono. Nimeanza na pole kwa sababu kinachofuata si cha upole.

Nani kakutuma uniambie habari za kifundo? Najua utasema ni mimi, nimekuuliza hali. Nimekuuliza kama shangazi, na wewe umemjibu shangazi, lakini aliyefungua barua ni Bi Mkeka pia, tuna macho hayo hayo mawili. Kanuni za mchezo wenu unazijua kuliko mimi: mchezaji hampi mtu wa kubeti siri za ndani. Mimi nimeuliza kwa mazoea, na wewe umejibu kwa mazoea, na hakuna aliyekumbuka mwenzake anakula kwa kazi gani. Tumekuwa wajinga wawili wa familia moja.

Sasa nitaandika nini? Nikisema utashindwa, nimeuza mkono wako. Nikisema utashinda huku najua unavyokamua taulo kwa tabu, nimewadanganya wasomaji wangu. Nikaona heri ninyamaze. Jana nikamfuata mhariri mezani kwake nikamwambia, mechi hii siiandiki. Akauliza kwa nini. Nikasema nina sababu zangu. Akatabasamu, na tabasamu la yule mtu ungeliona ungejua kwamba nimekwisha.

Leo asubuhi ukurasa wa mbele: BI MKEKA AFUNGA MDOMO KUHUSU MPWA WAKE. Sikuandika neno hata moja, na neno hilo ambalo sikuliandika limesomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Fundi viatu kawatangazia wateja wake, "Angekuwa mzima, shangazi yake angesema. Kanyamaza, ana lake jambo." Kufika mchana pesa zote zimekimbilia kwa Mlingoti. Jana kampuni za kubeti zilikuwa zinamlipa mara mbili aliyekuchagua wewe. Saa hii ni mara tano.

Nilidhani kunyamaza ni kukukinga. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nakukasirikia wewe kwa kuwa uko mbali. Futa ile barua. Hapana, usiifute. Tukianza kufuta ndiyo tutaonekana wezi.

Shangazi yako

*

8 Machi

Shangazi,

Natumai hasira imepoa na umekula. Mimi hali yangu siisemi leo, nadhani tumeshajifunza.

Wamekuja. Asubuhi nilikuwa nakula, wakavuta viti wakakaa bila kukaribishwa, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wakaguzi wa mchezo, wamevaa kama wanaenda mazishini. Mwanamke ndiye aliyekuwa anauliza. Kwa nini pesa zimekimbia upande mmoja siku moja? Bi Mkeka ni nani? Huwa mnaandikiana? Kocha alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia mama yule, "Bi Mkeka ni shangazi yangu, kanilea, tunaandikiana, na ndiyo, nilimwambia naumwa mkono, kwa sababu aliniuliza hali." Akaacha kuandika. Akaniuliza kama najua nimekiri kosa. Nikasema najua nimejibu swali.

Wakatoka nje wakazungumza, wakarudi na maneno laini. Ninaweza kujitoa. Daktari ataandika kwamba naumwa, jambo ambalo ni kweli, nitarudi nyumbani, na faili litafungwa kimya kimya. Nikicheza, wataendelea kuchunguza, na wakiona nilikupa siri ili mtu apate faida, nitafungiwa. Nina mpaka Jumanne niwajibu.

Kocha anataka nijitoe. Kapiga magoti kabisa, mtu mzima yule, nikamwonea huruma na zulia lenyewe lilivyo chafu. Anasema nina miaka kumi na tisa, mechi zipo nyingi. Lakini nikijitoa, kila mtu atasema tulikuwa na jambo. Utaitwa mwizi wewe, nitaitwa mwizi mimi, na hakuna siku tutakayopata nafasi ya kujibu. Halafu Mlingoti atavuka bila kutoka jasho.

Nataka kucheza. Nataka nicheze jina langu likiwa safi, na lako pia. Sijui vinapatikana vyote kwa njia gani, lakini sijapiga mpira ukutani miaka yote ile nije nifungwe na karatasi ya daktari.

Mwanao

*

9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hasira imepoa. Kula sijala, lakini nitakula.

Jana mchana alikuja bwana mmoja ofisini, kavaa shati jeupe, kaniletea soda baridi kana kwamba nilimwagiza. Anataka tu kujua, kirafiki, kama binti atacheza au hatacheza. Nikainywa soda yake yote mbele yake, taratibu, halafu nikamwonyesha ngazi. Mhariri alikuwa anatazama kwa kioo. Kaniambia ningeandika hata mistari mitatu, gazeti lingeuzwa mpaka kwa wasiojua kusoma. Nikamwambia aandike yeye, mkono anao.

Wakaguzi wamenipigia na mimi, nimewasha simu kwa ajili yao. Nimewapa barua zetu zote kama zilivyo, hata ile ya mkate wa kuiba. Nimewaapia kwamba katika maisha yangu sijawahi kuweka dau hata la senti moja, na ni kweli. Mimi naangalia mchezo nasema ninachokiona, kama anayetabiri mvua. Wamesema watazingatia. Sauti ya mwanamke yule haipandi wala haishuki.

Sasa nisikilize. Nimefikiria sana, na njia ipo. Waambie hatuko karibu. Sema mimi ni mtu wa gazeti tu ninayekusumbua kwa barua, kwamba undugu wetu ni wa mbali, kwamba ulijibu kwa adabu tu na hutajibu tena. Yaandike hayo, weka saini, ucheze. Najua barua zetu wanazo, lakini wao wanatafuta tu mtu wa kulaumiwa, na mimi nipo, nina mgongo mpana. Watu wa magazeti tumezoea kusemwa. Mimi sitakasirika, wala sitakukumbusha siku yoyote. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanikana mbele ya wenzako kwa sababu ya kofia yangu ya njano, na bado nilikupikia.

Fanya hivyo. Ni shangazi yako anayekuomba.

Shangazi yako

*

11 Machi

Shangazi,

Sikuandika jana kwa sababu ningeandika matusi.

Nikukane? Umekaa kwenye kiti chako ukafikiria sana, ukaona njia ni hiyo? Kofia ya njano nilikuwa na miaka saba. Sasa hivi nina akili. Nani alikuwa anakaa kwenye benchi la mapokezi na koti lake juu ya miguu yangu, zamu ikiisha, ili nipate kucheza saa ambayo mteja hakuja? Undugu wa mbali ulikuwa unakaa pale? Usiniambie tena neno kama hilo. Nakuheshimu, lakini hilo limeniuma kuliko kifundo.

Nimewajibu wakaguzi leo asubuhi, na sikutumia karatasi. Nilimwambia kocha anifunge bandeji nene kuliko zote alizonazo, nyeupe, mpaka karibu na kiwiko. Akauliza tunaificha vipi. Nikamwambia haifichwi. Nikatoka nayo kwenda mazoezini, kwenye uwanja mkubwa, ule wenye kamera na waandishi. Mlingoti alikuwa uwanja wa pili, akaacha kucheza akasimama. Nikamaliza mazoezi, nikawaendea waandishi mwenyewe, nikainua mkono nikawaambia: "Hiki kifundo kinauma. Kinauma nikipiga mkono wa mbele. Nilimwambia shangazi yangu, na sasa nawaambia na nyinyi. Ijumaa nacheza. Wanaobeti wabeti, siri imekwisha."

Kocha alikaa kwenye ndoo ya mipira akashika kichwa. Anasema nimempa Mlingoti ramani ya nyumba yangu na ufunguo juu yake. Najua. Lakini jambo linalojuliwa na kila mtu halina wa kuliuza. Yule mkaguzi mwanamke alikuja baadaye, akasema amewahi kuona mengi lakini hili bado. Akasema nicheze, uchunguzi utaendelea baada ya mechi.

Sasa huna kisingizio. Unachokijua wewe anakijua fundi viatu. Andika utabiri wako. Usinihurumie, nitajua tu, najua unavyoandika ukimhurumia mtu, sentensi zako zinakuwa ndefu.

Mwanao

*

13 Machi

Mwanangu,

Nimekuona kwenye televisheni ya dukani. Mkono juu, na uso ule ule uliokuwa nao ukikataa kuoga. Duka zima likanigeukia. Nikanunua sabuni nisiyoihitaji nikatoka.

Nisamehe kwa barua ile. Niliogopa, na mimi nikiogopa naanza kupanga mambo ya watu.

Umetaka niandike. Nimeandika, inatoka kesho. Mhariri alitaka niseme utashinda. Anasema wasomaji wangelia machozi, shangazi na binti na bandeji. Nikamwambia machozi yao na pesa zao ni vitu viwili, mimi natunza cha pili. Nakuwekea hapa uisome kutoka kwangu kabla hujaisoma kwingine:

"Mlingoti, kwa seti mbili. Ana urefu, ana mpira wa kuanzisha usiorudishika kirahisi, na sasa anajua pa kupiga. Atampelekea Kibiriti mipira yote upande wa kulia, kwenye kifundo, mpaka kifundo kiseme basi. Kibiriti ana moyo, lakini moyo haushiki raketi. Anayeniuliza kwa nini nilinyamaza wiki nzima: nilijua anaumwa kabla yenu, nikakataa kuwauzia. Leo mnajua nyote. Na anayeniuliza huyu binti ni nani wangu: ni wa kaka yangu, nimemlea mimi, na hakuna mwingine duniani ninayempenda kama yeye. Utabiri wangu ni ule ule."

Ndivyo ninavyoona, mama. Nimeangalia mechi zenu zote nne tena. Niliandika nikilia, nikasimama, nikanawa uso, nikasoma upya nione kama kuna neno la uongo, sikuliona. Ungeniambia nikudanganye ningekudanganya, lakini hukuniambia.

Nenda kacheze. Kesho sitakuwa ofisini, nitakuwa kwa jirani mbele ya televisheni yake, na nimemwonya asizungumze.

Shangazi yako

*

15 Machi

Shangazi,

Natumai umelala, maana mimi sijalala.

Ulikosea. Ngoja niandike tena nifaidi: Bi Mkeka, ulikosea. Sita kwa nne, tatu kwa sita, saba kwa tano. Umeona mwenyewe kwa jirani, lakini kuna usichokiona kwa televisheni. Mlingoti alikusoma. Alikuja na utabiri wako kichwani kama mtu aliyekariri mtihani. Kila mpira kulia, kila mpira kwenye mkono wa mbele. Na mkono wa mbele ndio mkono wangu, Shangazi, ndio uliotoboa rangi ya ukuta wa klabu. Mara zote nne tulizokutana alikuwa anaukimbia, ananipigia kushoto, kushoto, mpaka nachoka. Safari hii akauacha mchezo wake wote uliowahi kunishinda akaja kubisha hodi kwenye mlango wangu wenye nguvu, kwa sababu kasikia bawaba inalia.

Kiliuma. Sitakudanganya. Seti ya pili maumivu yalikuwa yanapanda mpaka kwenye meno, nikawa siuoni mpira vizuri. Ya tatu nilikuwa napiga huku nahesabu tu, huu, na huu, na huu. Tulipopeana mikono kwenye wavu alinipa wa kushoto, kwa heshima, halafu akasema, "Shangazi yako kaniponza." Nikacheka, na yeye akacheka kidogo. Huenda si mbaya kama ninavyomtaka awe.

Mkono umevimba kama mkate. Nusu fainali sichezi, daktari kakataa, na safari hii nimemkubalia.

Sasa ubaya. Wakaguzi walinisubiri nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Wiki iliyopita walisema pesa zimekwenda kwa Mlingoti kwa sababu tulivujisha siri. Leo wanasema watu wamepoteza pesa kwa sababu uliwapeleka kwa Mlingoti makusudi, huku tunajua nitashinda. Nikishindwa ni njama, nikishinda ni njama. Nilimwambia mama yule kwamba kama mimi na wewe tungekuwa na akili ya kupanga yote hayo, nisingekuwa naiba mkate. Hawakucheka. Ushahidi hawana, wanakiri hawana. Lakini wameniletea karatasi: nisiwe na mawasiliano na mtu yeyote anayeishi kwa kutabiri mechi, "hata kama ni ndugu", kwa muda wote nitakaocheza. Nisaini kufikia tarehe ishirini, au nifungiwe miezi sita kwa kosa nililokiri la kukwambia habari za mkono, halafu yaishe.

Sisaini. Na usithubutu kuacha kazi kwa ajili yangu, nakuona ulivyokaa.

Mwanao

*

17 Machi

Mwanangu,

Hongera. Nimeisema kwa jirani, nimeisema njiani, nimemwambia mpaka mtu anayesoma mita ya maji, sasa nakuambia wewe. Ilipofika saba kwa tano nilipiga kelele, jirani akanikumbusha kwamba ni mimi niliyekataza kelele. Sijawahi kufurahi kukosea namna ile.

Huku walikuja na mikeka yao iliyochanika, wakaimwaga ngazini. Fundi viatu hajanisalimia siku tatu, na kiatu changu kimoja kiko kwake. Nimewaandikia: nilikosea, poleni mliopoteza, niliona Mlingoti atapiga wapi, nikasahau kuangalia ataacha nini. Nikaongeza kwamba pole nawapa, lakini furaha yangu siwaombei radhi. Mhariri alitaka kuikata sentensi hiyo. Nikamwambia akiikata na mimi anikate. Imetoka.

Ni kweli, nilitaka kuacha kazi. Nilishachukua kikombe changu pale mezani na ile kandambili ya akiba. Halafu nikajiuliza, nikiacha leo, nitakuwa nimewaambia hawa watu kwamba kweli kazi yangu ilikuwa chafu na mtoto wangu alishinda kwa uchafu. Nikarudisha kikombe. Sijaiba, sijabeti, sijauza mkono wako. Siachi.

Lakini wewe saini. Sikuombi sasa, nakuamuru, mimi ndiye mkubwa. Miezi sita kwa mtu wa umri wako ni mingi, wengine watakupita, utarudi wanakutazama kama mgeni. Saini, tunyamaze. Nitakuwa nakuona kwenye televisheni, nitajua ukilala vizuri kwa unavyokimbia. Wewe utakuwa unanisoma gazetini. Siku utakapostaafu tutaongea yote, kama bado nipo. Wengine wanaishi hivyo na hawafi.

Usijibu barua hii. Ukiijibu watakuwa nayo.

Shangazi yako

*

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umesema nisijibu, najibu.

Nimekaa na karatasi yao siku tano. Kocha aliniletea kalamu mbili, moja ya akiba, maskini. Jana nikaenda nayo ofisini kwao. Yule mama akaniuliza kama nimeelewa kila kipengele. Nikamwambia nimekielewa sana kile cha "hata kama ni ndugu". Nikaiweka mezani kwake haina saini. Akasema, kwa sauti ile ile isiyopanda, "Miezi sita, binti. Kwa barua za shangazi." Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo nimefungiwa, kuanzia leo. Wameshatangaza. Wadhamini wa viatu wameshapiga simu kusema wanasikitika. Mlingoti kaandika hadharani kwamba alinifunza adabu mara tatu na nikamfunza mara mbili, na kwamba atanisubiri nitakaporudi anilipe. Nimeipenda. Nitarudi, na nitamchapa tena, kwa mkono mzima safari hii, aone tofauti.

Usinikasirikie kwa kuvunja amri yako. Nimezivunja nyingi, hii ndiyo ya kwanza niliyoifikiria. Nililia njiani kutoka kwao, sitaki kujifanya chuma. Naupenda mchezo huu kuliko chochote ninachojua kukifanya. Lakini mchezo nitaukuta baada ya miezi sita, pale pale, na mistari yake na wavu wake. Nisingeweza kucheza nikijua mtu wa kwanza ninayetaka kumweleza siruhusiwi kumweleza. Ningekuwa nageuka kwenye viti kila pointi kukutafuta, kama mjinga.

Nashuka uwanja wa ndege Jumapili saa nne asubuhi. Waandishi watakuwepo, wenye kamera na wenye midomo, na wale waliopoteza pesa pengine. Usimtume jirani kunipokea, wala usinisubiri ndani ya gari. Njoo mwenyewe, ukasimame mbele.

Mwanao